Tupeane uzoefu: kidonda gani kilikudanganya?

Mama Pacha: Mwanangu kaanguka na baiskeli, goti limechubuka, kalia utadhani kavunjika. Nikakumbuka msumari wangu. Ulipenya ndala hadi kwenye wayo, tundu dogo, damu matone mawili, nikaendelea na kazi. Siku ya tatu mguu haukanyagi. Kumbe tundu la namna ile hujifunga juu, uchafu ukabaki chini. Nyie je?

Fundi Kimya: Kutu hiyo. Msumari mpya hauna shida.

Nesi Mstaafu: Si kutu. Vijidudu vya pepopunda vinakaa udongoni na kwenye mavi ya wanyama, hata mwiba unatosha. Kidonda kikiwa kichafu na sindano ya mwisho imepita miaka 5, kachome nyingine.

Fundi Kimya: Miaka 30 nakanyaga misumari, nipo.

Nesi Mstaafu: Waliokufa hawachangii mada.

Kidole Tisa: Mimi niliruka kutoka kwenye lori huku nimeshika chuma cha bodi. Pete ikanasa. Mwili ukashuka, kidole kikabaki juu. Maumivu sikuyasikia, nilisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanika. Kutazama, ngozi imevuka kama soksi, inaning'inia kwenye ncha, ndani kweupe. Nikakaa chini nikaanza kucheka, mpaka leo sijui kwa nini. Aliyezimia ni dereva. Walijaribu kuunga mishipa, ikashindikana, wakakata. Pete ninayo, haina hata mkwaruzo.

Bintiye: Jamani, nakula!

Jirani Mwema: Nimevua yangu sasa hivi.

Msomaji Tu: Kipande kikikatika kabisa kinawekwa kwenye barafu, sivyo?

Nesi Mstaafu: Kisiguse barafu. Kizungushie kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki ufungwe, ndipo mfuko ukae juu ya barafu.

Bintiye: Mimi niliungua kwa mvuke, nikapaka dawa ya meno. Ikapoa.

Nesi Mstaafu: Ya meno paka meno. Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, na lengelenge usilitumbue.

Jirani Mwema: Mimi hutumbua, linakauka haraka.

Mama Pacha: Na goti la mtoto? Nilifunge au niliache wazi?

Fundi Kimya: Wazi, lipate upepo.

Nesi Mstaafu: Osha kwa maji na sabuni, toa mchanga wote, funika. Na usimwambie anadeka, mchubuko umefunua neva za juu, unauma kuliko mkato.

Kidole Tisa: Nathibitisha. Goti liliniuma kuliko kidole.

Mama Pacha: Namtafuta nimwoshe, kumbe kashapanda tena baiskeli.