Filamu za uchawi na majini kwenye mabasi na vibanda umiza, watoto wakiwepo: ziendelee au zipigwe stop?

Wakuu habari za jioni. Hili jambo linanikera muda mrefu sasa naomba tulijadili. Zile filamu za wachawi, majini na mizimu zinazowekwa kwenye TV za mabasi ya mikoani na kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, watoto wakiwa wamekaa hapo hapo, ziendelee hivi hivi? Msimamo wangu nautoa mapema, zipigwe stop, na wala si kwa sababu ya damu.

Kwenye damu ndo wengi tunapopotea. Ukimuuliza mzazi filamu gani haifai kwa mtoto atakwambia za mapanga na za mambo ya kikubwa, basi. Lakini mtoto wa miaka tisa akiangalia zombi wa Kimarekani anakula watu, atapiga kelele, atafunika uso, kesho yake yuko uwanjani anamuigiza na wenzake. Zombi hayupo mtaani kwao. Sasa muwekee ile ya Kinaijeria, bibi anaamka usiku wa manane anamla mjukuu kichawi, halafu DJ anatafsiri kwa Kiswahili, "huyu bibi msimuone hivi, usiku anapaa huyu". Yule mtoto ana bibi. Na pengine wanalala chumba kimoja.

Hata Living in Bondage ya mwaka 1992, ambayo wengi wanaitaja kama ndo iliyowasha moto wa Nollywood, yaani filamu za Nigeria, kilichotisha mle si mapanga. Jamaa anamtoa mke wake kafara apate utajiri, halafu mzimu wa mke unaanza kumtokea. Mtu mzima mwenyewe ulikuwa ukimaliza kuangalia unamtazama jirani aliyenunua gari ghafla kwa jicho lingine.

Nina mtoto wa dada yangu, alipanda basi la usiku na mama yake kwenda Mwanza, ikawekwa filamu ya mwanamke anatokea kwenye kioo. TV iko juu ya dereva, sauti mpaka mwisho, hakuna pa kukimbilia, mama mtu akamuomba konda abadilishe akajibiwa kama hutaki mfunge mtoto macho. Huyo binti sasa yuko sekondari na mpaka leo akilala kwetu lazima kioo cha dressing table kifunikwe na kanga, na anakagua mwenyewe kama kanga imefika mpaka chini. Mchana anacheka kama nyie, usiku kanga inawekwa.

Na si kwetu tu. Mwaka 1999 Marekani watafiti Kristen Harrison na Joanne Cantor waliwauliza wanafunzi wa chuo kuhusu filamu au kipindi kilichowahi kuwatisha utotoni, karibu 90% walikuwa nacho, na karibu robo nzima walisema bado kinawasumbua. Cantor huyo huyo amekutana na watu walioangalia Jaws, ile ya papa ya mwaka 1975, wakaogopa hata kuingia kwenye bwawa la kuogelea, maji ambayo papa hawezi kufika kabisa! Na papa mwenyewe haonekani sana mle, ule mtambo wa papa bandia ulikuwa unaharibika kila ukiingia maji ya chumvi, ikabidi wampige picha kwa kumficha, mtazamaji akamalizia mwenyewe kichwani.

Uingereza nao, tarehe 31 Oktoba 1992 BBC walirusha Ghostwatch, maigizo ya nyumba yenye mzimu lakini yametengenezwa kama matangazo ya moja kwa moja, na mtangazaji ni yule yule Michael Parkinson wanayemjua na kumwamini. Baadaye madaktari wakaandika kwenye British Medical Journal habari za watoto wa kiume wa miaka 10 waliougua hofu baada ya kukiona. Kilichowaumiza ni kuamini. Sasa mtoto wetu ambaye nyumbani, kanisani, msikitini na kijiweni kote anaambiwa wachawi wapo, wewe unadhani ataichukulia ile kama maigizo?

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa pili: Mkuu unaonea filamu bure. Sisi tumekulia kwenye mabanda, kiingilio cha mia, DJ Lufufu anatafsiri, tumeangalia kila aina ya jini na tumekua vizuri tu tuna familia zetu. Hofu ni starehe, watu mnakaa kwenye benchi mmebanana mnapiga kelele pamoja, ikiisha mnatoka mnacheka. Ukianza kuzuia hii kesho utazuia na hadithi za bibi.

Mchangiaji wa tatu: Mie niko Unguja. Mwaka 1995 habari za Popobawa, lile jini linalosemwa huvamia watu usiku, zilipotoka Pemba zikaingia huku watu wazima walikuwa wakilala nje kwa makundi, moto umewashwa, hapana aliyethubutu kubaki chumbani peke yake. Filamu gani iliyofanya hayo? Hapana. Ndugu yangu khofu tunayo sisi wenyewe, ukizima TV haiondoki.

Mchangiaji wa nne: Hapa Kenya KFCB, bodi yetu ya filamu, ina madaraja yake, GE (ya watu wote), PG (mtoto awe na mwongozo wa mzazi), 16 na 18, na wameshasema magari ya abiria yaonyeshe GE pekee. Lakini panda basi la usiku uone kama kuna anayejali. Sheria bila mtu wa kuisimamia ni karatasi tu.

Mleta mada: Nimesoma wote. Wa pili, tofauti ya hadithi ya bibi ni kwamba bibi anakuona, akikuona umeanza kutetemeka anapunguza makali, anaingiza sungura, anakwambia lala. TV ya basi haikuoni. Na hao mliocheka pamoja mlitoka pamoja, aliyeenda kulala peke yake gizani hamkumuuliza, na mtoto wa kiume mtaani hawezi kusema anaogopa.

Wa tatu umenigusa, ni kweli hofu ilikuwepo kabla ya TV na itakuwepo. Lakini ndo maana nasema tuwe makini zaidi na hizi za uchawi kuliko za mazombi, kwa sababu zinakuta moto umeshawashwa ndani. Filamu inaipa hofu sura, na mara nyingi ni sura ya bibi kizee au mama wa kambo, watu ambao mtoto anaishi nao na huku kwetu wazee wameshauawa kwa tuhuma hizo hizo za uchawi. Hilo mimi siwezi kuliita starehe.

Bodi ya Filamu hapa Tanzania tunayo, sheria ya filamu ipo toka 1976, madaraja ya umri yapo. Kwenye vibanda serikali ya mtaa inajua kila kibanda kilipo, waseme mchana ni mpira na katuni, za kutisha usiku na watoto nje. Kwenye mabasi LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wameweza kufunga vifaa vya kufuatilia mwendo wa basi, sharti moja la filamu kwenye leseni litawashindaje? Wenye mabasi na makonda mliomo humu, nyie mnasemaje?