Majengo ya balozi zetu nje: tukarabati, tuuze au tupange?

Baharia_Nchi_Kavu (mtoa mada): Wakuu, juzi nimeenda kufuatilia pasi kwenye ubalozi wetu mmoja huku Ulaya, siutaji, nikakuta dari linavuja wamekinga ndoo, na ndoo yenyewe iko chini ya picha ya Rais. Jengo ni la kwetu kabisa, sio la kupanga. Sasa lifanyiwe ukarabati, liuzwe, au tuhamie kwenye pango tulipe kila mwezi?

Mjomba_Mpole: Kupanga ni kumjengea mzungu. Tatizo letu hela ya kununua jengo inapatikana, ya kupaka rangi haipo.

Kiti_Kirefu: Kununua tena?? Mmesahau jengo la Rome, euro milioni 3 na ushee, balozi Mahalu akaburuzwa mahakama ya Kisutu mpaka Mkapa akaenda kumtolea ushahidi. Na wenzetu Wakenya na lao la Tokyo, 2010 waziri wa mambo ya nje akakaa pembeni.

Wakili_wa_Mtaa: Malizia stori mkuu, 2012 Mahalu aliachiwa huru. Mashtaka mnayakumbuka, hukumu hamuikumbuki.

Kiti_Kirefu: Sijasema aliiba, nimesema KISUTU. Soma kabla ya kutoa povu.

Binti_Pemba: Berlin nchi tano za kaskazini, Sweden, Norway na wenzao, wamejenga eneo moja tangu 1999. Hapo Dar Umoja House Waingereza na Wajerumani wamekaa pamoja na wana hela kutuzidi. EAC tunashindwa nini?

Mzee_wa_Kokoto: Tunashindwa kwa sababu Mkenya atabandika Kilimanjaro mlangoni kwake 😂. Ila na nyie diaspora mmezidi kulialia, pasi za watu mmeshachukua halafu dari la kwetu linawauma nini

Baharia_Nchi_Kavu: We mzee pasi ninayofuatilia ni ya TANZANIA, nimeandika mstari wa kwanza. Na hao waliochukua za watu ndio wanaotuma hela mnazojengea huko Goba.

Mzee_wa_Kokoto: Goba nimejenga kwa kokoto zangu, sijatumiwa hata senti.

Nesi_Ughaibuni: Mimi nilichukua ya huku kwa sababu ya kazi, nikaivua ya kwetu nalia, sheria ya uraia ya 1995 haina huruma. Leo naingia kwa mama yangu kwa viza. Msituambie hatuna uchungu

Mjomba_Mpole: Pole dada. Lakini si kuna hii hadhi maalum ya diaspora waliochukua uraia wa nje?

Nesi_Ughaibuni: Hadhi maalum sio uraia kaka. Nitapiga kura na hadhi?

Wakili_wa_Mtaa: Uraia pacha fungueni uzi wenu. Suala la dari, kule miji ya zamani jengo likiwa kwenye orodha ya urithi hata dirisha hubadilishi bila kibali, sio kila kitu uzembe.

Kiti_Kirefu: Kibali cha kuziba tundu? Haya. Mtoa mada weka picha ya ndoo tuamini.

Baharia_Nchi_Kavu: Simu zinaachwa getini.

Mzee_wa_Kokoto: Nilijua tu 😂😂