Kikapu cha vyuo Marekani: miaka ya 80, miaka ya 90 au enzi za Thabeet?

Pivoti wa Upanga (mleta mada)
Wakuu, kila Machi mashindano ya vyuo yakianza tunarudia ubishi ule ule kijiweni. Tumalizie hapa. Kuna vipindi vitatu mezani: 1982 hadi 1985 (Jordan, Ewing, Olajuwon), 1990 hadi 1993 (UNLV, yaani chuo cha Nevada, Las Vegas, Duke na wale vijana watano wa Michigan), na 2006 hadi 2009, Hasheem Thabeet wetu akiwa Connecticut. Kipi kilikuwa kitamu zaidi? Anayetaka kusema "vyote" apite tu.

Kaptula Fupi
Hilo nalo swali? Themanini.

Fainali ya 1982, New Orleans: North Carolina 63, Georgetown 62. Jordan, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anafunga kikapu cha ushindi. Georgetown bado wana nafasi, Fred Brown anageuka na kumpa pasi James Worthy. Worthy ni mpinzani! Mpaka leo nikiitazama natamani nimpigie kelele Brown kwenye skrini. Fainali ya mwaka uliofuata NC State wakawafunga Houston, ile yenye Olajuwon na Drexler, 54-52. Dereck Whittenburg alitupa kutoka mbali, mpira ukapungua, Lorenzo Charles akaudaka hewani na kudanki muda ukiisha. Kocha Jim Valvano akawa anakimbia huku na huko uwanjani akitafuta mtu wa kumkumbatia.

Halafu fainali ya 1985, Villanova 66, Georgetown 64. Villanova walitupa mara 28, zikaingia 22. Mbele ya Ewing wa Georgetown, jamani.

Dada wa Houston
Kaptula, shikamoo, lakini umeruka jambo. Villanova walitupa mara 28 tu kwa sababu hapakuwa na saa ya kuwabana watupe mpira kikapuni ndani ya muda fulani. Timu ilikuwa na ruhusa ya kukaa na mpira mpaka ichoke. Sekunde 45 zilikuja msimu wa 1985-86, na mstari wa pointi tatu ukaenea vyuo vyote msimu uliofuata. Huo ndio mchezo ninaoutaka mimi.

Tazama 1990: UNLV 103, Duke 73. Hakuna fainali nyingine ya wanaume iliyoisha kwa tofauti kubwa kuliko hiyo. Mwaka mmoja baadaye UNLV wanarudi wakiwa wameshinda 34 bila kupoteza, wanakutana na Duke wale wale nusu fainali, wanalala 79-77. Unapata wapi kisasi cha namna hiyo?

Na 1992, Duke na Kentucky pale Philadelphia. Zimebaki sekunde 2.1, Kentucky wanaongoza kwa pointi moja, Grant Hill anarusha mpira kutoka upande mmoja wa uwanja hadi wa pili, Christian Laettner anadaka, anazunguka, anafunga. 104-103. Siku hiyo Laettner alitupa mara 10 za kawaida na 10 za adhabu, zote 20 zikaingia.

Kaptula Fupi
Marahaba. Huyo Laettner alimkanyaga kifuani Aminu Timberlake akiwa amelala chini, mechi hiyo hiyo! Alistahili kutolewa nje. Akapewa faulo ya kiufundi, ile ya utovu wa nidhamu, basi, akaendelea kucheza. Msinisimulie huo mtupo kana kwamba ulishuka kutoka mbinguni.

Na huo mwendo wa polepole wa themanini ndio uliompa mnyonge nafasi. Ungewawekea Houston saa ya sekunde 45, NC State wangepigwa ishirini.

Mwana Lubumbashi
Ndugu zangu, vipindi vyenu vimemruka Dikembe Mutombo! Alitoka Kinshasa kwenda Georgetown akitaka kusomea udaktari. Kocha John Thompson akamwingiza kikosini, akacheza kuanzia 1988 hadi 1991 pamoja na Alonzo Mourning. Fikiria unapenya upite chini ya kikapu unawakuta hao wawili wamesimama. Alihitimu na shahada ya isimu na diplomasia. Alipofariki Septemba 2024 nilirudi kutazama mechi zake za chuo, si za Denver, alikochezea ligi ya kulipwa.

Pivoti wa Upanga
Sawa kaka, namwongeza Mutombo. Sasa upande wa Thabeet mbona kimya?

Rebaundi Tupu
Nipo. Nilikuwa naishi Hartford miaka hiyo. Kijana wa Dar, urefu mita 2.21, aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15. Januari 31, 2009 dhidi ya Providence: pointi 15, rebaundi 11 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka), mitupo 10 aliyoizuia. Sisi Watanzania wa pale tulianza kuvaa jezi za chuo ambacho wengi wetu hatukukanyaga darasa lake.

Lakini mechi yenyewe ni ile ya Syracuse, Machi 2009, Madison Square Garden. Vipindi sita vya nyongeza baada ya sare! Katika vitano vya kwanza Syracuse hawakuongoza hata mara moja, kisha cha sita wakamaliza kazi, 127-117. Thabeet alishatolewa kwa faulo. Ilipita saa saba usiku na hakuna aliyetaka kwenda kulala. Baadaye Detroit, nusu fainali, tukafungwa na Michigan State 82-73 mbele ya watu zaidi ya 72,000. Ile ya Syracuse iliniuma zaidi, sijui kwa nini.

Dada wa Houston
Thabeet angalau alikaa miaka mitatu. Wenzake wa kipindi hicho, Greg Oden na Kevin Durant, walikaa mwaka mmoja wakaondoka. Ewing na Laettner walikaa minne. Ili umchukie Laettner vizuri kama Kaptula anavyomchukia, unahitaji misimu minne.

Kaptula Fupi
Hapo nakubaliana nawe, na nitamchukia wa tano.

Chipukizi Ilala
Wakubwa, mimi nimezaliwa 2004. Nikiwa na jioni moja tu, nitazame mechi ipi kamili?

Kaptula Fupi
Villanova 1985.

Dada wa Houston
Usimlaze mtoto wa watu. Duke na Kentucky, na usiruke kipindi cha pili.

Rebaundi Tupu
Syracuse na Connecticut, ila kesho yake usiwe na kazi asubuhi.