Maigizo ya setibuku na miradi ya shule: vihesabiwe alama ama ni kupoteza wakati?

Lavenda19:
Naomba tujadili hii kitu bila matusi. Nilifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, 2019, enzi za Kigogo, tamthilia iliyokuwa setibuku, yaani kitabu cha lazima cha mtihani. Nilikuwa nimekisoma kile kitabu kikaisha jalada lakini Ashua alikuwa ananikasirisha tu, kwani anaenda ofisini kwa Majoka, yule mtawala aliyefunga soko, kutafuta nini? Halafu grupu ya waigizaji ikaja shuleni kwetu. Yule dada aliyecheza Husda, mke wa Majoka, aliingia akamkuta Ashua pale na mumewe, hakupiga kelele, alisimama, akaweka mkoba chini polepole kabla ya kumrukia, na holi nzima ikanyamaza. Ashua naye alikuwa ameshika kiti kama mtu ambaye hajala tangu jana. Hapo ndo nikaelewa soko likifungwa mama anafikishwa wapi na njaa ya watoto. Sasa mtihani unakuja unakuuliza muktadha wa dondoo alama 4, nani anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani, kitu mtu anakariri usiku mmoja. Na kile kishamba cha sukuma tulipewa form two, nilijifunza pale udongo kuliko kwa ubao. Kwa nini hivi vitu visihesabiwe?

Mtu_wa_Hesabu:
Dada tuambiane ukweli, shoo za setibuku zilikuwa fanki, sherehe ya wavulana na wasichana kukutana. Basi la wavulana likiingia geti nyote mmeshajipaka mafuta mpaka magotini. Nani alikuwa anaangalia Majoka?

Lavenda19:
Unaona sasa? Nimeandika maneno yote hayo umeona mafuta tu. Shule yetu siku hiyo haikualika mtu, tulikuwa sisi na masista. Na hata kama wavulana wangekuja, msichana hawezi kuangalia mchezo na akaelewa kwa sababu kuna mvulana kwa holi? Kwenu wavulana fanki ilikuwa nini, ibada?

Mtu_wa_Hesabu:
Sijasema wasichana peke yao. Nimesema fanki ni fanki. Mtu akitaka kuelewa kitabu asome kitabu.

Mama_wa_Watatu:
Mimi nazungumza kama mzazi. Mnaotaka miradi ihesabiwe mtoto wenu yuko gredi gani? Mimi ndiye nilitengeneza ile sanamu ya kufukuza ndege ya mradi wa mtoto, saa nne usiku, na shati la baba yao, na asubuhi nikaibeba kwa matatu watu wananiangalia. Kila wiki manila, gundi, picha za kuprinti saiba. Mtoto alikuwa amelala. Sasa hiyo alama ni ya nani?

Kijana_wa_Bonde:
Mmesema mengi lakini hakuna aliyegusa pesa. Shoo kwetu ilikuwa mia mbili. Tusiolipa tuliambiwa tubaki darasani na mwalimu wa zamu, na holi iko hapo karibu, tunasikia wakicheka, tunasikia wakipiga makofi, sisi tumeinamia mwongozo. Lavenda anasema alimwelewa Ashua kwa sababu alimwona ameshika kiti. Mimi nilimwelewa vipi na sikumwona? Ukisema ihesabiwe alama maanake alama zinauzwa mlangoni.

Mtu_wa_Hesabu:
Mia mbili bana. Si ungeomba nyumbani mapema?

Kijana_wa_Bonde:
Rudia hiyo sentensi taratibu. Niombe nani? Nilikuwa natumwa nyumbani kufuata karo karibu kila muhula halafu nirudi niseme mama ongeza na ya mchezo? Kuna watu mnaongea kama mlizaliwa na risiti mkononi.

Ticha_wa_Fasihi:
Tulizeni moto kidogo. Kwanza, kwa watoto wa sasa hilo swali limeshajibiwa. Gredi 9 wa kwanza waliofanya KJSEA, mtihani wa kumaliza junia, 2025 hawakupangwa shule za senia kwa huo mtihani peke yake. KJSEA ni asilimia 60, KPSEA, tathmini ya gredi 6, ni 20, na kazi walizopimwa shuleni gredi 7 na 8 ni 20. Kwa hiyo miradi inahesabiwa tayari.

Pili, hizo grupu zinakuja na muda mfupi, zinakata. Kigogo kina maonyesho saba, wao wanakuchezea fujo za ofisini na mahali pa kuchekesha. Maelezo ya jukwaani yanapotea kabisa. Ukisahihisha mtihani wa ndani unawajua waliotazama bila kusoma, wanakuandikia vizuri juu ya Mama Pima muuza pombe, ukiuliza tamathali ya usemi kwenye dondoo wanaacha nafasi.

Lavenda19:
Mwalimu kwa heshima, mimi nilisoma NA nikatazama. Na hiyo nafasi wanaiacha hata wasiotazama.

Mama_wa_Watatu:
Mwalimu hiyo 20 ya shuleni ndiyo yangu mimi na gundi yangu. Andikeni jina langu kwa risalti.

Mwana_Tanga:
Nipo huku jirani, naomba nichangie. Sisi kidato cha tatu hatukuletewa mtu wala kulipa senti. Mwalimu wa Kiswahili aligawa darasa makundi, kundi letu likapata Ngoswe, tamthilia ya karani wa sensa anayeharibu kazi kwa sababu ya mapenzi. Meza ya mwalimu ikawa nyumba ya Mzee Mitomingi, kanga mbili zikawa pazia. Makaratasi ya sensa yalikuwa daftari kuukuu, na ile sehemu mzee anayachoma, jamaa yetu alilichana lile daftari vipande vipande mbele ya Ngoswe maana moto hauruhusiwi darasani. Aliyekuwa Ngoswe alipiga magoti akaanza kuokota, hiyo haikuwepo kwenye mazoezi. Mpaka leo mtu akitaja uzembe kazini mimi naona vile vipande. Kwa hiyo kaka wa Bonde, tatizo siyo maigizo, tatizo ni kununua maigizo.

Mtu_wa_Hesabu:
Watanzania na Kiswahili chenu mnaweza kuigiza hata bila kitabu. Huku mtoto wa form three ukimwambia aigize anaongea sheng tupu.

Ticha_wa_Fasihi:
Hapana, hapo nakataa. Nina wanafunzi wa form three wanaojibizana kwa mashairi. Usiwatukane watoto kwa sababu wewe ulikuwa unachora pembetatu.

Nakuru_Ndani:
Mnabishana alama na hamkumbuki shule ya Butere Girls Aprili 2025, na mchezo wao wa kukosoa utawala? Walifika Nakuru kwa tamasha la kitaifa la maigizo ya shule, Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamuru waruhusiwe kuigiza, na bado mtu aliyewaandikia mchezo alizuiwa kuwaona. Waliingia wakaimba wimbo wa taifa wakatoka. Nje vitoa machozi. Na 2013 shule hiyohiyo mchezo wao ulipigwa marufuku mpaka korti ikaingilia. Mtoto akiigiza kitu cha maana anafukuziwa gesi, halafu mnauliza apewe ngapi kwa ishirini.

Mama_wa_Watatu:
Tafadhali siasa peleka kwingine, tunaongea masomo.

Nakuru_Ndani:
Mama, Kigogo ni masomo gani? Ni mtawala amefunga soko la watu na wanaharakati wanampinga. Serikali yenyewe ilikiweka kwa silabasi. Kukisoma ni sawa, wasichana wakisimama jukwaani na chao ni siasa?

Mtu_wa_Hesabu:
Mimi narudi pale pale, fanki.

Lavenda19:
Wewe baki na fanki yako. Kijana wa Bonde, nimesoma yako mara mbili. Mwana Tanga amesema kitu nakubali nacho, darasa liigize lenyewe, mwalimu apime pale pale, asiweko mtu wa kulipa mlangoni. Na grupu zikija basi shule ilipe mara moja kwa wote ama isizialike. Lakini usiseme niliuziwa alama, kile nilichoona hakuna aliyenipa hata nusu alama.

Kijana_wa_Bonde:
Sawa, sikusema wewe ulinunua. Lakini nijibu moja. Mlipotoka kwa holi siku hiyo, lazima kwenu pia kuna waliobaki darasani. Jioni kwa prepu kuna yeyote aliwasimulia?

Lavenda19:
Tuliwasimulia vichekesho.

Kijana_wa_Bonde:
Hata sisi tulisimuliwa vichekesho. Ile ya mkoba naisikia leo.