Wauza adapta za diski, wekeni alama ya pini namba 1! Mnatuulia mashine

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Adapta ya IDE (njia ya kuunganisha diski na kompyuta) niliyouziwa kwa ajili ya Amiga 1200, kompyuta yangu ya zamani, haina alama yoyote. Hakuna namba, hakuna pembetatu, hakuna hata tundu lililozibwa. Nikamuuliza muuzaji pini namba 1 iko upande gani, akanijibu: "Jaribu tu, ikikataa geuza."

Jaribu tu? Kwenye soketi ya pini 44?

Waya wa diski za inchi 3.5 una pini 40, na umeme wa diski unapita kwenye waya wake mwingine kabisa. Ukiugeuza, mara nyingi unasalimika: pini 39, ile ya taa ya diski, inakutana na ethi (waya wa ardhi), taa inawaka mfululizo bila kupepesa, unajua papo hapo kuna kosa. Lakini Amiga 600 na 1200, zote za 1992, zina soketi ya diski ndogo za inchi 2.5, na umeme unapita humo humo: volti 5 kwenye pini 41 na 42. Ukigeuza, volti hizo zinaingia pini 3 na 4, ambazo ni njia za data! Hapo unageuza nini tena, wakati kilichoungua kimeshaungua?

Na dawa yake ipo miaka yote. Pini 20 inaondolewa, tundu lake linazibwa, waya hauingii kinyume hata ulazimishe. Tundu moja tu, na hilo nalo mmeona gharama.

Mimi nimeokolewa na mita. Nilichomeka waya kwenye mashine bila diski, nikawasha, nikatafuta volti 5 ncha ya pili ya waya. Zinapotokea ndipo zilipo 41 na 42, namba 1 iko mwisho wa pili. (Angalieni ncha ya mita isiguse pini mbili kwa pamoja.) Kwenye adapta yenyewe nikafuata njia nene za shaba, zile za umeme. Kazi hii ilikuwa ya muuzaji, si yangu.

Halafu kuna mafundi wa "diski imekufa, tupa, weka kadi ya kumbukumbu". Jampa (vile vifuniko vidogo vya pini vya kuipanga diski) hujauliza, waya hujaukagua, umeshatangaza msiba! Diski ya SCSI (njia nyingine ya kuunganisha diski, kadhaa kwa mnyororo) isipoonekana, uliza kwanza tamineta, vile vizibo vya mwisho wa waya: ziko ncha zote mbili za mnyororo? Namba za ID, za kutambulisha kila kifaa, zimegongana? Kwenye Macintosh, 7 ni ya kompyuta yenyewe. Macintosh Plus ya 1986 haitoi umeme wa tamineta, kwa hiyo kama diski ya nje nayo haitoi, utahangaika bure na diski isiyo na kosa lolote. Atari ST ndiyo usiseme: lile tundu la pini 19 ni ACSI, njia ya Atari wenyewe, si SCSI, na bado watu wanauziwa waya mtupu usio na saketi yoyote katikati.

Ndani ya diski hizo mna barua za watu, muziki wao, programu walizoandika wenyewe. Unamwambiaje mtu atupe kabla hujagusa jampa?

Muuzaji, kama unasoma hapa, nataka pesa yangu, na adapta zilizobaki zitie alama kabla hujauza nyingine. Na ninyi mliouziwa kama hii yangu, wekeni picha za pande zote mbili hapa chini, tuzitambue pini pamoja kabla mtu hajawasha.