Tupeane uzoefu: uliyebadili prosesa kwenye kompyuta kongwe ili ucheze gemu, iliishaje?

Kitufe_W
Wakuu salaam. Mashine yangu ni i5-4460 ya mwaka 2014, kadi ya picha GTX 1660 Super, RAM GB 8. Gemu nyepesi zinateleza. Balaa ni zile za dunia kubwa: nikikatiza mjini tu, kwenye watu na magari, picha inaganda nusu sekunde, inatembea, inaganda tena. Nimeona i7-4790 ya mtumba, soketi (kitako cha prosesa) ile ile. Roho moja inasema chukua, nyingine inasema tunza hela ununue mashine mpya. Mliopita njia hii mwageni ya kwenu, tamu na chungu.

NusuFremu
Nimeweka kambi. Wenye mashine za enzi za mababu njooni.

MzeeWaSoketi
Umenikumbusha mbali. Nilikuwa na i5-4570, nikaweka hiyo hiyo 4790. Kori (vichwa vya kazi ndani ya prosesa) ni 4 zile zile, tofauti ni nyuzi, yaani kazi zinazoendeshwa kwa mpigo: i5 ina 4, i7 ina 8. Usitegemee fremu (idadi ya picha kwa sekunde) ziruke hadi darini. Wastani ulipanda kidogo, ila zile fremu za chini kabisa, zinazokufanya ule risasi huku umeganda kwenye kona, zilinyooka. Mazabodi yangu (ubao mkuu) iligoma kuwaka mpaka nikairudishia i5 nikasasisha BIOS, programu ya ubao inayowasha mashine, kwanza. Wewe 4460 yako ni ya kundi moja na 4790, kwa hilo usiwe na presha. Angalia feni tu, ile i7 inachemka.

Akiba_Kwanza
Mnampoteza mwenzenu. Hapo ni RAM za DDR3, aina ya zamani, ukihama huendi nazo popote. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali prosesa kuanzia kizazi cha 8. Hiyo 4790 ni ya 4. Ananunua kitu kilichoshafungiwa mlango! Kuna gemu kama Valorant, ukiwa Windows 11 linadai ulinzi wa TPM 2.0 na Secure Boot, la sivyo hupiti.

MzeeWaSoketi
Kuna mahali kasema anacheza Valorant?

Akiba_Kwanza
Kuna mahali nimesema anacheza? Nimetoa mfano mzee.

KoriSita
Mbona mnajitesa. Mwenye kizazi cha 6 au cha 7 achukue i7-8700, kori 6, soketi ni 1151 ile ile. Chomeka, washa, cheza.

FundiWaUsiku
@KoriSita usipotoshe watu. Kuingia inaingia, kuwaka haiwaki. Kizazi cha 8 kinataka mazabodi za mfululizo wa 300. Nimeshaletewa wateja wawili watatu wanaolia kwa ushauri wa namna hii.

KoriSita
Nimeona video jamaa kafanya.

FundiWaUsiku
Huyo kachokonoa BIOS na kuziba pini kwa utepe. Video ya siku aliyoua ubao umeiona?

DadaFremu
Nimesoma neno pini mwili ukasisimka. Kaeni chini.

Nilikuwa na Ryzen 5 1600, nikapata Ryzen 5 5600. Raha ya AM4, soketi ya AMD, ndiyo hiyo: ubao wa 2017 unakula prosesa ya 2022 mradi BIOS imesasishwa. BIOS nikasasisha vizuri, ikamaliza, nikazima. Kaka yangu mkubwa akasema hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ni kazi ya wanaume, mimi nishike tochi ya simu. Haya. Kafungua skrubu nne, kashika, kavuta juu. Haitoki. Kakaza meno, kavuta tena. KRAAK!

Hitisinki ikatoka na prosesa imeganda chini yake, wakati mkono wa soketi bado umefungwa! Pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka ikawa gundi. Nyie wa Intel soketi zenu zina fremu ya chuma inayobana prosesa, sisi wa AM4 hatuna. Nikamulika chini ya prosesa: pembeni pini zimelala safu nzima kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Na hiyo 1600 nilishaiuza, mnunuzi yuko njiani!

Kaka akaenda kunywa maji, hakurudi. Nikachukua penseli ya kubonyeza, nikatoa risasi yote, ile ncha tupu ya chuma nikawa naivisha pini moja moja na kuinyanyua taratibu. Zilizoegemeana nikapitisha wembe katikati. Ukilazimisha inakatika. Jasho linadondoka, nageuza uso lisidondokee kwenye chipu. Mwishowe ikazama kwenye soketi bila kusukumwa. Nikawasha: picha ipo, lakini RAM inasoma nusu, upande mmoja haupo! Nikaichomoa tena, nikakuta pini moja bado imeinama kidogo. Nikainyoosha, RAM zikarudi zote. Mnunuzi anabisha hodi.

Hiyo 5600 inapeta mpaka leo.

NusuFremu
Kaka karudi?

Shabiki_wa_Kivuli
Chai hii, tena ya tangawizi. Pini 1331 uzinyooshe kwa penseli?

DadaFremu
@Shabiki_wa_Kivuli nani kakwambia zilipinda zote? Soma.

FundiWaUsiku
Siyo chai, ni kazi yangu ya kila wiki. Dawa yake: cheza gemu dakika kadhaa pesti ipate moto, zima, chomoa umeme, kisha ZUNGUSHA hitisinki kushoto kulia. Usivute.

KoriSita
Uzi wa meno unapita katikati vizuri zaidi.

FundiWaUsiku
Wewe tena.

MzeeWaSoketi
Turudi kwa mleta mada. Shusha rezolusheni toka 1080 mpaka 720, simama pale pale mjini. Fremu zikipanda, kadi ndiyo imechoka. Zikibaki pale pale, prosesa ndiyo inaibana kadi. Na usidanganywe na prosesa kusoma asilimia 60, kori moja inaweza kuwa imejaa pomoni huku nyingine zinapiga soga.

Kitufe_W
Nimejaribu. Fremu hazijasogea, kadi inasoma asilimia 50 na kitu. Kwa hiyo ninunue?

MzeeWaSoketi
Nunua.

Akiba_Kwanza
Usinunue. Hiyo GB 8 ni kipande kimoja au viwili?

Kitufe_W
Kimoja.

Akiba_Kwanza
Ndiyo nilitaka kusikia. Tafuta kipande cha pili kinachofanana nacho, uweke kwenye tundu linalopaswa ili zifanye kazi mbili mbili. Kipande kimoja kinainyima prosesa nusu ya njia ya kuvuta data, na GB 8 kwa gemu hizo unazotaja ni njaa. Ukiona bado inaganda ndiyo urudi kwa mzee na i7 yake.

MzeeWaSoketi
Kwa hilo nakubali. Ila i7 atainunua tu, nawajua hawa.

Shabiki_wa_Kivuli
@DadaFremu samahani, penseli ni ya ncha 0.5 au 0.7? Naulizia rafiki yangu.