Mafundi, acheni kufungua pampu kabla ya kupima! Lori linapiga stata ila haliwaki

Wakuu, hili lisemwe wazi kwa sababu watu wanaumia. Lori likipiga stata vizuri lakini haliwaki, jibu la gereji nyingi ni moja: "pampu imekufa, tafuta hela." Pampu inashushwa, nozo sita (zinazopuliza dizeli kwenye silinda) zinang'olewa, vyote vinapelekwa kwa fundi pampu, mwenye gari analipa mamilioni. Vyuma vinarudishwa, stata inapigwa, na bado haliwaki. Mwishoni inagundulika shida ilikuwa oringi, kipete cha mpira cha kuzibia, isiyofikia bei ya chai na chapati. Huo si ufundi. Ni kubahatisha kwa hela ya mtu mwingine.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Mmoja apige stata, mwingine asimame nyuma kwenye ekzosi. Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda. Kama unatoka moshi mweupe unaochoma macho, dizeli inafika ila haiungui. Ni njia mbili tofauti kabisa, na fundi anayeingia chini ya gari na spana bila kujua yuko kwenye njia ipi ameshaanza kukosea.

Halafu hili neno "inazunguka". Inazunguka kwa kasi gani? Dizeli haina cheche, inawashwa na joto la hewa iliyobanwa. Stata ikizungusha kivivu, hewa inavuja na kupoa kabla haijafikia joto la kuwasha. Injini nyingi za komoni reli, yaani pampu moja inajaza presha kwenye bomba moja (reli) linalolisha nozo zote, zinataka mizunguko kama 150 kwa dakika. Betri mbili za lori la volti 24 zikiwa zimetulia zisome 25 na ushee. Bandika mita, piga stata: zikishuka chini ya 19, shughulika na betri na waya kwanza, maana kontrol boksi (kompyuta ya injini) nayo inaweza kuzima kwa kukosa umeme na fundi akaja kusema kontrol boksi ni mbovu. Ethi pia ipimwe hapo hapo: ncha moja ya mita kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, piga stata. Ikizidi nusu volti, waya huo una kutu au nati imelegea.

Sasa upepo kwenye njia ya dizeli, ambao ndio unaoliza watu wengi. Chukua malori ya Mercedes Actros yenye injini ya OM501. Kila silinda ina pampu yake ndani ya bloku, na dizeli inapelekwa kwa paipu za plastiki zenye oringi kwenye maungio. Oringi ikikaushwa na joto haitoi dizeli nje, kwa hiyo huoni tone hata moja chini. Inachofanya ni kuingiza upepo gari likiwa limelala, dizeli inarudi tangini, na asubuhi unapiga stata mpaka betri zinakata roho. Likishawaka linakwenda siku nzima bila shida. Dalili hiyo peke yake ingemtosha fundi, kwa sababu pampu iliyokufa saa 12 asubuhi haifufuki saa 2. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, piga stata, tazama. Vipovu vikipita mfululizo kama maji yanayoanza kuchemka sufuriani, upepo unaingia kati ya hapo na tangi. Ukitaka uhakika zaidi, lisha injini kutoka kwenye dumu safi la dizeli lililoinuliwa juu. Ikiwaka na dumu, tatizo liko kati ya tangi na pampu: oringi, filta, paipu ya kunyonya iliyoziba, au kipumulio cha tangi. Hicho cha mwisho unakijua ukifungua kifuniko na kusikia tangi linavuta pumzi.

Kwa injini za pampu ya zamani, mfano Fuso ya 6D16, kulegeza nati kwenye nozo na kuangalia kama dizeli inatoka ni sawa, ni njia ya siku zote. Hakikisha pia stopa ya pampu, ile inayokata dizeli kuzima injini, imeachia, maana ikikwama kwenye kuzima utazungusha mpaka kesho.

Lakini kulegeza nati hizo hizo kwenye komoni reli ni hatari na ni ujinga. Mfumo huo unafika baa 1,600 na zaidi. Mchirizi mwembamba wa dizeli unapenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo kumbe ndani nyama inakufa, na watu wanakatwa vidole. Na hata ukipona hujapima chochote, kwa sababu ukilegeza nati presha inaanguka na kontrol boksi haiamrishi nozo kufunguka. Kontrol boksi nyingi zinasubiri presha ifike kama baa 200 ndipo zipige.

Soma presha ya reli kwa mashine ya kupimia inayochomekwa kwenye kontrol boksi. Huna mashine, tumia mita: sensa ya reli kwa kawaida ina waya tatu, mmoja volti 5, mmoja ethi, mmoja ishara. Switchi ikiwa imewashwa na injini imesimama, ishara inasoma karibu nusu volti. Piga stata, inatakiwa ipande kukaribia volti moja. Isipopanda, bado usiguse pampu! Chomoa mipira ya ritani ya nozo (inayorudisha dizeli ya ziada tangini), kila moja iingie kwenye chupa yake, piga stata sekunde 15. Chupa inayojaa kuliko zenzake imekuonyesha mwizi wa presha. Kisha tazama ritani ya vavu ya usalama kwenye reli: wakati wa stata inatakiwa iwe kavu. Dizeli ikiingia safi bila vipovu, ritani zote ziko sawa, vavu kavu, na presha bado haipandi, hapo ndipo jina la pampu litajwe, na hata hapo anza na vavu yake ya kupimia mafuta.

Presha ikiwepo na moshi hakuna, angalia sensa ya kranki, inayoiambia kontrol boksi kuwa injini inazunguka. Mashine ikisoma mizunguko sifuri wakati stata inazungusha, chomoa sensa uone ncha yake. Mara nyingi imevaa ndevu za unga wa chuma. Ya waya mbili ipime omu (ukinzani wa umeme), itoe mia kadhaa hadi elfu moja na kitu. Ya waya tatu usiipime omu, utaiua.

Na pampu ikiwa imekufa kweli, fundi aseme imekufa kwa nini. Pampu ya komoni reli inalainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haina ulainisho wa kutosha, vyuma vinasagana na unga wake unasambaa. Uchakachuaji huo ndio uliofanya Kenya iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Ukifunga pampu mpya bila kuosha tangi, laini, reli na nozo, umeiua nayo.

Mwenye lori, usitoe hela ya pampu kabla hujapewa namba: volti wakati wa stata, presha ya reli, kiasi cha ritani kwa kila nozo. Hana namba, hajapima.

NYONGEZA: Mdau ameuliza hapo chini kuhusu moshi mweupe. Mkuu, anza na kasi ya stata, halafu hita ya hewa au plagi za joto, halafu maji kwenye filta. Kama giya za taimingi ziliguswa karibuni, rudi kwenye alama zake. Ndipo upime kompresheni, yaani mbano wa hewa: injini isiyochoka inatoa kama baa 25 hadi 30 kwa kila silinda. Na hao wanaopuliza dawa ya kuwashia au petroli kwenye njia ya hewa wakomeshwe, ikikutana na hita yenye moto inalipuka, pistoni na ringi zinavunjika. Stata isizidi sekunde 20 hadi 30, pumzisha dakika mbili. Dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye oili ya injini chini, kwa hiyo chomoa stiki: oili ikiwa imepanda na inanuka dizeli, usipige stata tena kabla hujaimwaga.